Kuku Aliyenunuliwa Kweli

"Mama, kuku yangu iko na ugonjwa gani?"

Aliyeuliza ni mama yangu, na uwanja mzima wa parokia uligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mnada, amemkumbatia kuku wetu mwekundu, na aliyekuwa akiulizwa ni Mama Kaswera, muuza mawese, mwanamke anayeogopwa na wapunguza bei wote wa mtaa wa Mabanga. Muda mfupi tu kabla ya hapo watu walikuwa wakipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilikuwa nikirukaruka, mtu mzima na miaka yangu kumi na tisa, kwa sababu sikuwahi kuona kuku akipanda bei namna ile. Sasa nilitamani ardhi inimeze.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kuku huyo hakuanzia mnadani.

Vita vilipotufukuza kijijini kwetu Kalengera, kila mtu alibeba alichoweza. Jirani alibeba godoro, mimi nilibeba sufuria, na mama alimbeba kuku, amemfunga ndani ya kitenge hadi kikabaki kichwa tu kinachochungulia. Nilinung'unika njia nzima kwamba atatuchelewesha. Tulipopumzika njiani, Kibumba, katikati ya watu waliokuwa wakilia na kuitana, kuku yule akataga yai. Mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu tutoke nyumbani, na tangu hapo sikumsema tena kuku yule.

Goma tulipokelewa Mabanga, katika madarasa ya shule ya parokia, familia juu ya familia. Watu wa Mabanga si matajiri. Ni wauza sabuni, ndizi na vocha za simu, watu wa kupata leo na kula leo. Lakini kila jioni hodi ilipigwa, na nyuma ya hodi kulikuwa na kitu: maharagwe, unga wa muhogo, blanketi ambalo bado lilikuwa na harufu ya kabati la mtu. Watoto waliofika wakikohoa usiku kucha walipata joto, wakapona. Hakuna aliyelala njaa katika darasa letu, nami nawapenda watu wale mpaka leo kwa hilo.

Mama alishukuru. Alishukuru asubuhi, akashukuru jioni, mpaka siku moja tulipokuwa tukichambua maharagwe ya watu akaniambia, "Munezero, asante yangu imechoka. Kila siku ni kupokea tu. Mukono itasahau kutoa."

Kisha likaja tangazo. Shule ilikuwa inafunguliwa, na madarasa yalitakiwa. Mkristo mmoja alikuwa amekubali tujenge kwenye kiwanja chake, mawe meusi matupu ya volkano, lakini ni mahali. Zilikosekana mbao, misumari na mabati. Padri akasema Jumapili kutakuwa na mnada. Pesa zikitosha, tutajenga. Zisipotosha, tungetoka darasani na vyombo vyetu kichwani, na hakuna aliyejua tungeelekea wapi.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia kuku wake. Nikajua.

"Mama, tuko na ile kuku moja tu."

"Njo maana ninaitoa," akanijibu.

Jumapili hiyo mama alimwosha kuku miguu. Sitanii. Alimwosha miguu kwa sabuni, akampeleka mbele pamoja na watoa sadaka wengine, akicheza kwa hatua fupi za kwetu, shingo imenyooka. Nilimtazama nikaona amekuwa mrefu tena.

Baada ya misa, Papa Édouard, katekista, akapanda juu ya kiti. Papa Édouard hahitaji kipaza sauti. Alimwinua kuku wetu juu.

"Kuku ya Kalengera! Ilikuja Goma imebebwa kama ministre, kama waziri muzima! Nani anaanza?"

"Cinq dollars!"

"Cinq? Dola tano ni bei ya kucha yake. Papa, rudi ukae."

Watu wakaangua kicheko. Bei ikapanda. Fundi seremala Baharanyi aliongeza, mkewe akamvuta shati, akaongeza tena. Vijana wa kwaya wakachangishana. Kila mara tulipodhani imefika mwisho, sauti nyingine ilitoka nyuma, hadi Mama Kaswera aliposimama, akajifunga kitenge vizuri, akataja bei ya mbuzi. Si ya kuku, ya mbuzi! Uwanja ukalipuka. Nilimshika bega mama nikimtikisa.

Mama Kaswera akalipa, akampokea kuku, akamwinua juu ili wote wamwone.

"Nairudisha! Muuzishe tena!"

Hivyo ndivyo Mabanga wanavyofanya. Kitu kinanunuliwa, kinarudishwa, kinauzwa tena na tena, mpaka kabichi moja inaweza kuezeka nyumba. Ni ukarimu mkubwa, na ndiyo maana walishangilia. Ila kwetu, katika kanisa letu dogo la Kalengera, aliyenunua hubeba. Ukimrudishia mtu kitu chake mbele za watu, umemwambia hakifai kuingia nyumbani kwako. Basi mama akanyanyuka, akapita katikati ya watu, akamchukua kuku mikononi mwa Mama Kaswera, akauliza lile swali lake.

"Haina ugonjwa, mama," Mama Kaswera akasema. "Ni kuku muzuri sana."

"Sasa sababu gani unairudisha? Munatuleteaka maharagi. Miye nilirudisha hata siku moja?"

Nadhani kila mtu pale uwanjani alikuwa anayafikiria maharagwe yake. Niliona mabati yetu yakiruka, mbao zikiruka, na sisi barabarani, yote kwa sababu ya kuku aliyeoshwa miguu.

Mama Kaswera akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza mikononi, akangoja. Mama akamweka kuku ndani yake. Yule muuza mawese akamfunga vizuri, akaacha kichwa tu, kama tulivyomtoa Kalengera, akambana kwapani.

"Nimeinunua," akasema kwa sauti. "Naenda nayo kwangu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa.

"Aksanti," akasema Papa Édouard, mikono mitupu. "Na sasa nitauza nini?"

Ilikuwa kweli. Mezani palibaki mikungu michache ya ndizi, na kama kila mnunuzi angebeba chake, mnada ulikuwa umekwisha. Ndipo Baharanyi akasema, "Mungoje!" akatoka mbio. Alirudi na mlango kichwani. Mlango wa nyumba yake, na bawaba zake! Mkewe alipiga kelele, kisha naye akakimbia, akarudi na viti viwili. Basi uwanja ukamwagika nje kama shule imepigiwa kengele. Watu walikwenda na kurudi, na sufuria, redio, jogoo, pasi ya mkaa, viatu vya harusi. Papa Édouard alipiga mnada hadi sauti ikakauka, akamalizia kwa kuuza tai yake mwenyewe. Na hakuna aliyerudisha kitu. Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Mpaka leo Mabanga kuna watu wanaokalia viti vya majirani zao. Mlango wa Baharanyi aliununua shemeji yake, ambaye tayari alikuwa na mlango, akaugeuza meza. Baharanyi akakaa na pazia hadi alipopata mbao nyingine, kwa maana mbao zake zote za wiki hiyo zilikuwa zikipakiwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, kwenda kiwanjani kwetu. Kengele ya shule ilipolia, sisi tulikuwa chini ya mabati yetu.

Asubuhi ya kwanza baada ya mnada, Mama Kaswera alikuja na yai la kuchemsha. "Kuku yako ilitaga," akamwambia mama. Wakalimenya, wakagawana nusu kwa nusu, na kabla hawajamaliza walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu bei ya sombe, majani ya muhogo.

Sombe hiyo ndiyo mama anayouza sasa. Mwaka jana familia nyingine zilifika, kutoka Masisi, na mnada ukafanyika tena. Mzee mmoja, Védaste, alitoa boga. Lilikuwa dogo, limechubuka kwa safari. Papa Édouard alijitahidi kulisifu, lakini bei iligoma. Mama akanyanyua mkono. Alitaja bei iliyonifanya nimgeukie, akaenda mbele, akalipa.

Kwa mazoea yake ya zamani Papa Édouard alinyoosha mikono alipokee boga tena. Lilikuwa tayari kichwani mwa mama. Akatoka nalo taratibu kwa lango kubwa, na Mzee Védaste akasimama juu ya benchi ili aendelee kumwona.

Tulilipika jioni hiyo. Lilikuwa la majimaji, halina utamu hata kidogo. Mama aliomba aongezewe.