Fundi wa Karibu na Mlango

Jumamosi asubuhi, fundi wa karibu na mlango alitunga uzi mweupe kwenye cherehani chake, akapuliza vumbi chini ya sindano, akawatangazia wenzake kwamba leo anafanya kazi moja tu. Ilikuwa imebaki zipu ya mgongoni. Gauni lilikuwa la mdogo wake, harusi ilikuwa alasiri hiyo hiyo, na zipu ni kazi ya kumalizika chai ikiwa bado ya moto.

"Kazi moja? Wewe Mlango?" alicheka Vifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndivyo alivyoshona na ndivyo alivyoumbwa, mfupi wa mviringo. "Haya, mama. Tupo hapa tunaangalia."

Jina la Mlango lilitokana na sheria ya karakana. Haikuandikwa popote, wala hakuna aliyemjua mtungaji wake: mteja akiingia, anahudumiwa na aliye karibu na mlango. Simu nayo ilikuwa ukutani hapo hapo, kwa hiyo ilikuwa yake. Wengine walishona vichwa chini kama wanaotafuta sarafu. Mlango alishona vizuri kuliko wote na kuchelewesha nguo kuliko wote, na Bosi hakuchoka kumweleza, kwa upole kabisa, kwamba tatizo lake ni kutotulia.

Akaingia mteja wa kwanza, suruali inambana.

"Nisubiri kidogo, kaka," alisema Mlango bila kuinua kichwa.

Kichwa hakikuinuka, lakini sikio la kushoto lilikuwa limeshazoea. Lilibanduka, likaenda mpaka kaunta, likatua juu ya futi ya kupimia. Mteja akaliinamia, akalieleza tangu alipoanza kunenepa, na kwamba chanzo ni mapishi ya mama mkwe. Mkono wa kushoto ukafuata, ukachukua futi na kumzunguka kiunoni. Mteja akaliomba radhi sikio kwa ajili ya tumbo.

Simu ikalia. Mdomo ukaenda. Aliyepiga alikuwa na maneno mengi, na sikio la kulia likalazimika kwenda pia, maana mdomo peke yake kwenye simu unaweza kukubali lolote.

"Hebu niletee uzi wa bluu huko stoo!" Bosi aliita kutoka ofisini. Miguu ikaenda. Vifungo alisogeza ndoo ya vipande vya vitambaa ili miguu isijikwae.

Kisha akaja mama mwenye sketi ya shule, anataka kujua kama ile ni bluu iliyokolea au nyeusi iliyochuja. Jambo kama hilo haliamuliwi ndani. Macho yakatoka naye nje kwenye mwanga.

Mkono wa kulia ukaendelea kushona kwa kupapasa. Ulikwenda vizuri, kisha ukapunguza mwendo, kisha ukasimama juu ya kitambaa cheupe na kungoja.

Chumba cha kujaribia nguo kilikuwa pazia na msumari. Bibi harusi alitokeza kichwa hapo, nywele zimeshatengenezwa, pini kila mahali.

"Dada, tayari? Gari liko njiani."

Kigoda alichokalia Mlango hakikujibu.

"Ukitaka kusema naye nenda kwenye simu," alisema Vifungo. "Mdomo uko huko."

"Na macho?"

"Nje. Yana kesi ya sketi."

Bibi harusi aliguna. Haya hayakuwa mageni kwake. Nyumbani, jioni nyingi alikuwa akiifungulia mlango miguu ya dada yake, akiiweka kwenye kochi, na kufunika chakula mpaka wengine wafike. Akavuta kiti, akakaa karibu na ule mkono, akaupapasa.

"Maliza tu, dada. Ukiwa mmoja unatosha."

Bosi alitoka ofisini amekumbatia lundo la nguo zilizopigwa pasi. Akautazama mkono.

"Huu umekaa tu? Njoo unishikie hizi."

Mkono ukaanza kuinuka.

Hapo ndipo bibi harusi aliposhtuka. Alishtuka mpaka pini ikamdondoka. Akamtazama Bosi, akamtazama Vifungo, akawatazama mafundi wengine mmoja mmoja, akingoja mtu aseme neno. Vifungo alilamba ncha ya uzi, akatunga sindano.

"Bosi," alisema bibi harusi, "harusi ni leo."

"Hongera sana, mwanangu!" Bosi alisema, na alimaanisha. "Dada yako ni fundi hasa. Ila hatulii. Mseme kidogo, labda wewe atakusikia."

"Hiki cherehani kimefungwa sakafuni?"

"Hapana. Kina magurudumu."

"Kwa nini basi hakisogezwi?"

Karakana nzima ikafikiri. "Kiende wapi?" aliuliza Vifungo. "Tulikikuta hapo."

Bibi harusi alikisukuma kwa nyonga. Kiliteleza bila taabu mpaka nyuma, chini ya dirisha, penye mwanga na pasipo mtu. Kigoda kikafuata na vilivyokuwa juu yake. Haukupita muda, miguu ilirudi kutoka stoo ikakaa mahali pake, na mkono ukaishika zipu. Mshono ukaanza kutambaa, umenyooka.

Mlangoni mtu akakohoa. "Jamani, kuna wenyewe?"

Sasa aliyekuwa karibu na mlango ni Vifungo. Alihisi kitu kinalivuta sikio lake. Akaweka sindano chini, akalishika sikio kwa mikono miwili mpaka lilipotulia, kisha akaenda nyuma na kukirudisha cherehani mahali pake, polepole, asije akaharibu gauni.

"Nisamehe, bibi harusi," alisema. "Mimi nina kazi."

Nje gari likapiga honi.

Bibi harusi alilivaa gauni hivyo hivyo, mgongo wazi. Mkono wa kulia ukaruka kutoka kwenye cherehani, ukashika pande mbili za kitambaa, ukazibana. Ukabana garini, ukabana kwenye viapo, ukabana wakati wa picha, na wakati wa kucheza ulibana zaidi. Shangazi wa bwana harusi aliuliza ua lile zuri la mgongoni limenunuliwa wapi.

"Ni dada," alisema bibi harusi.

"Amependeza," alisema shangazi. "Na wengine?"

"Wako kazini."

Jumatatu cherehani kilikuwa karibu na mlango. Bosi alipita, akaona mkono wa kulia haujafika, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Unaona? Nilikuambia. Kutotulia."

Mdomo ulitaka kumjibu, lakini mlangoni mtu alikohoa, na mafundi wote, vichwa chini, wakaita kwa pamoja: "Mlango!"

Sikio la kushoto likabanduka, likaenda.