Kopo la Mzee Clarrie

Merle Haddow alikuwa amesimama nusu saa nzima ndani ya duka la vyakula vya mifugo pale Walcha, akisoma migongo ya magunia neno kwa neno. Picha za mbele hakuzijali. Farasi wa kwenye magunia wote wanarukaruka, manyoya yanang'aa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza safari ya mashindano, kilomita themanini za milimani.

Wake alikuwa amezimaliza mara nyingi. Banksia, jike wa miaka kumi na minne, alibakiza safari moja tu kutimiza kilomita elfu tano, na ukurasa wa kwanza wa kitabu chake cha safari ulikuwa na mwandiko wa mzee Clarrie, marehemu baba yake Merle. Lakini mwaka huu, mara mbili mfululizo, alifika mwisho misuli ya nyuma imekakamaa, na daktari wa mifugo anayewakagua farasi akamkataa. Safari iliyokataliwa na daktari haihesabiwi. Merle alishakata shauri: ikitokea mara ya tatu, Banksia anaachiwa malishoni moja kwa moja, na kitabu kinafungwa pungufu.

"Bi Merle, unanunua au unafanya mtihani?" akauliza Trev, mwenye duka.

"Hiki kina wanga kiasi gani?"

"Hicho kina nguvu balaa! Farasi wa mbio za mjini wanakula hicho hicho."

"Hao wanakimbia dakika mbili, Trev, halafu wanafunikwa blanketi. Wangu anakwenda saa saba mfululizo."

Trev akakuna kichwa. "Basi wewe unatafuta mafuta na nyuzinyuzi, siyo nafaka. Njoo huku. Haya ni mashudu ya nazi, yanatoka visiwani. Unayaloweka kwanza."

Merle akachota kidogo, akanusa, akatia mdomoni. Alitafuna akiwa amefumba macho.

"Ukiharisha usinitaje," Trev akasema huku akicheka. "Sasa hivi unampa nini?"

"Chakula cha tembe, cha kiwandani. Makopo mawili asubuhi, mawili jioni."

"Kopo moja ni kilo ngapi?"

Merle akajaribu kukadiria kwa viganja. Hakujua. Kwao ukoo mzima ulipima kwa kopo, lile lile la bati lililofika nyumbani na biskuti ndani kabla yeye hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Alinunua mashudu, lakini swali hilo lilimkera njia nzima. Alipofika nyumbani alibeba mizani ya jikoni hadi kwenye banda la chakula. Mlangoni palikuwa na maneno ya mzee Clarrie, ya penseli ya seremala: Makopo 2 asubuhi, 2 jioni. Akajaza kopo tembe, akapima. Gramu elfu moja na mia nne. Kisha akajaza oti za kuku, nafaka ile ile ambayo baba yake alilishia farasi maisha yake yote. Gramu mia tisa. Akarudia mara tatu, maana hakutaka kuamini.

Miaka mitatu iliyopita, chakula cha kiwandani kilipokuwa ndiyo fasheni kwenye kambi za safari, naye aliacha oti akashika tembe. Chakula alibadilisha, kopo hakubadilisha, na mwaka huu wanga uliozidi ukaanza kuikakamaza misuli. Naye alilaumu milima, akalaumu madaktari, akaulaumu hata umri wa mnyama wa watu. Aibu ilimshika hadi akakaa chini juu ya gunia.

Binamu yake Kel, anayemsaidia siku za safari, alimkuta hapo. Akasikiliza, akaitazama mizani.

"Kwa hiyo mjomba Clarrie alikosea?"

"Mjomba wako alikuwa anapima oti, Kel. Mimi nilikuwa sipimi kitu."

Alibadilisha chakula polepole, majuma matatu, tembe zikipungua na mashudu yakiongezeka, kila kitu kikipita mizanini. Siku ya kwanza Banksia alinusa ndoo, akamtazama Merle kwa dharau, akaipiga teke. Siku ya nne aliiramba mpaka ikang'aa.

Kisha ikaja safari yenyewe. Walimaliza kabla ya zile saa saba za njiani kutimia, na Merle akasimama roho juu wakati Kel akimkimbiza Banksia kwa kamba mbele ya daktari Ishbel, kwenda na kurudi. Daktari akapima moyo. Akayaminya mapaja, yakabonyea. Halafu akaweka kipimo chake cha masikioni tumboni, akakisogeza, akakisogeza tena.

"Kuna nini?" Merle akashindwa kuvumilia. "Daktari, niambie tu."

"Hebu sikiliza mwenyewe."

Merle akatia kipimo masikioni. Tumbo la Banksia lilikuwa likitokota kama sufuria ya uji. Miaka yote alikuwa akisikiliza moyo tu. Huku tumboni hakuwahi hata kuuliza kunasema nini. Akasikiliza mpaka daktari akamwomba kifaa chake.

"Tumbo linafanya kazi vizuri. Unamlisha nini siku hizi?"

"Kilo moja na robo asubuhi, kilo moja na robo jioni," akajibu Merle, na machozi yakamtoka.

Daktari akatia sahihi kitabuni: kilomita elfu tano zimetimia.

Kesho yake Merle aliingia bandani na penseli. Hakufuta kitu mlangoni. Mwishoni mwa maneno ya baba yake akaongeza maneno mawili ambayo mzee hakuwahi kuhitaji kuyaandika: ya oti.