Duara la Mtu Mmoja

Kwa wazazi, walezi, wafadhili na wote watakaosikia: mimi, nikiwa na akili timamu na kaptula safi, natangaza kwamba mtaala wa darasa la saba wa shule yetu ya Kikristo hauna mfano chini ya jua. Nina haki ya kusema hivyo kuliko mwalimu yeyote, maana nimeusoma wote, kuanzia jalada lenye picha ya mtoto anayecheka ambaye hajawahi kusoma hapa, hadi ukurasa wa mwisho wenye kanuni za soksi. Nimeusoma mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa pendekezo la mwalimu wa Hisabati.

Kwa hiyo wenzangu walipanda darasa la nane, wakahamia bweni la juu lenye mapazia, nami nikabaki chini na watoto ambao mwaka uliotangulia nilikuwa nikiwatuma maji. Waliniita Babu.

"Babu, mwaka jana swali hili lilikuwa na jibu gani?" waliniuliza kila siku, na kila siku niliwapa jibu la uongo kwa sauti ya kiaskofu. Walicheka sana. Kisha walikwenda kucheza, wakaniacha na uzee wangu.

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Kati ya Sayansi na Elimu ya Biblia, mtaala wetu una somo linaloitwa Huduma. Lina mtihani na lina alama mia kama masomo mengine. Kitabu cha mtaala kinasema mwishoni mwa mwaka mwanafunzi ataweza kumpenda jirani yake bila kusimamiwa. Linafundishwa na mchungaji wa shule, mtu mrefu, mpole, anayeinama kwenye kila mlango, hata mlango wa ukumbi ambao lori linaweza kupita.

Mtihani wake ni huu. Muhula wa mwisho unapoanza, mchungaji anapitisha kopo la maziwa ya unga lenye majina yetu kwenye vikaratasi. Unaokota kimoja. Jina utakaloliona ndiye jirani yako, nawe utamhudumia kwa siri mpaka siku ya kufunga shule: mkilala bweni moja utamtandikia kitanda, utamng'arishia viatu, utamwekea biskuti chini ya mto. Siku ya kufunga, mbele ya wazazi, kila mmoja anaweka mkono begani mwa yule aliyemhudumia. Kwa kuwa kila mtu ana wake, na kila mtu ni wa mtu, darasa linajipanga lenyewe kuwa duara. Mwaka mwingine hutokea maduara mawili au matatu. Mchungaji anasema dogo kuliko yote aliyowahi kuyaona lilikuwa la wasichana wawili waliohudumiana bila kujua.

Ukiokota jina lako mwenyewe, unanyoosha mkono, unalirudisha, unaokota lingine.

Niliokota jina langu mwenyewe. Sikunyoosha mkono.

Nilijiambia ni utani, tena utani wa daraja la juu. Nani katika historia ya shule amewahi kumtumikia jirani asiyemwacha hata chooni? Nikakitafuna kile kikaratasi, nikakimeza, maana niliwahi kusikia kwamba wapelelezi hufanya hivyo. Kilikuwa na ladha ya maziwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya kengele, nikang'arisha viatu vyangu, nikarudi kujilaza. Kengele ilipolia nikaviona, nikashangaa. Nilishangaa vizuri sana, mkono kifuani.

"Babu, nani huyo?" aliuliza Betri, mtoto wa kitanda cha juu yangu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi ya kuuzima.

"Hata sijui, mjukuu wangu. Kuna watu wana mioyo."

"Mimi wangu ameniletea nusu ya kifutio."

"Mshukuru Mungu. Wengine hawana hata nusu."

Nilijitunza kama yai. Nilijitandikia kitanda kwa kona kali kama za hospitali. Nilijinunulia biskuti kwenye duka la shule, nikajifichia, nikajikuta nazo, nikagawia wenzangu kwa unyenyekevu. Nilijifulia soksi, na soksi zangu si kazi ya mtu asiye na wito. Habari zikaenea. Watu walikuja bwenini kuviangalia viatu vyangu kama wanaokwenda kuangalia mtoto mchanga. Wengine walianza kukaa kidogo kitandani pangu, wakiuliza leo umeletewa nini, nami nikiwasimulia. Hapo ndipo nilipoona kwamba siku ambazo sikuletewa kitu, hakuna aliyekaa. Basi nikahakikisha naletewa kitu.

Lakini bweni lilitaka kumjua huyo malaika, na lilipokosa jina lilijichagulia. Likamchagua Shemasi, kijana mwembamba wa kitanda cha dirishani, ambaye hata nzi alikuwa akimfukuza kwa kumwomba. Walimpongeza. Alikana. Walisema, mnaona, hata kujisifu hataki.

Mwishowe alinifuata kwenye mabomba ya kufulia.

"Babu, siyo mimi."

"Najua."

"Leo nimeshukuriwa mara tano kwa viatu vyako. Jana mwalimu wa zamu alinipa kiti cha mbele. Nalala vibaya."

"Pokea tu. Wangapi wanatafuta kusingiziwa wema na hawapati?"

"Basi waambie ni nani."

"Ndiyo maana inaitwa siri, Shemasi."

Aliniangalia kidogo, kisha akaziangalia soksi nilizokuwa nikizifua, na akaondoka. Soksi zilikuwa zangu.

Jumamosi ndiyo siku ya kupigiwa simu na nyumbani. Tunapanga foleni nje ya chumba cha matroni, na kila mtu anazungumza huku foleni nzima ikisikiliza na kujifanya haisikilizi. Mama yangu ni fundi cherehani. Nyumbani tuko watatu: yeye, mimi na cherehani. Huwa anazungumza nami mguu ukiwa kwenye pedali, kwa hiyo sauti yake hunifikia pamoja na ule mlio, na tangu wenzangu wapande darasa alikuwa na swali moja asilolisahau.

"Una mwenzio huko?"

Kwa kawaida nilimjibu kwa mzaha. Siku hiyo nilisema, "Ninaye." Nikamweleza viatu, kitanda, biskuti. Nilieleza kwa ufundi, maana shughuli yenyewe niliijua ndani na nje.

Cherehani ikanyamaza.

"Anakufanyia hayo yote?"

"Kila siku, mama."

"Na wewe humfanyii utundu?"

"Yeye ananivumilia."

Matroni akanionyesha saa. Mama akasema, "Siku ya kufunga nakuja. Mwaka jana nilibanwa na zile sare za kwaya, mwaka huu nakuja. Nitamshonea shati huyo mtoto. Ni mkubwa kiasi gani?"

Ningeweza kusema hapo hapo. Foleni nzima ilikuwa nyuma yangu.

"Ni kama mimi."

"Kifua?"

"Kama changu."

"Mikono?"

"Mama, pima kwangu tu. Hutakosea."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili, na mwishoni mwake alikuwa amesimama mama na shati la mtu asiyekuwepo. Shule nzima kunicheka ningestahimili. Huo ndio mshahara wangu wa kila siku. Ila mama alikuwa amezima cherehani. Mama huwa haizimi hata nyumba ya jirani ikiungua.

Nikamrudia Shemasi.

"Siku ya duara, uweke mkono begani mwangu."

"Mimi nimeokota mtu mwingine."

"Mikono unayo miwili."

Alifikiri kwa uaminifu, nampa sifa hiyo. "Halafu yule aliyekuokota kweli ataweka wake wapi?"

"Hatakuja."

"Ni mgonjwa?"

"Kiasi."

"Siwezi, Babu. Itakuwa uongo mbele ya wazazi, tena ndani ya mtihani. Lakini nitamwombea apone."

"Mwombee sana," nikasema.

Siku ya kufunga, ukumbi ulinuka dawa ya sakafu na marashi ya akina mama. Mchungaji aliinama mlangoni, akaingia. Mama alikaa benchi la pili, amevaa gauni lake la kitenge, na mapajani ameshika kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi wa kushonea. Aliniona, akakinyanyua kidogo nikione. Kisha akaanza kuwakagua wenzangu mmoja mmoja kwa jicho la fundi, mabega na vifua, akitafuta nani ni saizi yangu.

"Haya," alisema mchungaji. "Kila mtu aende kwa jirani yake."

Pakawa na vurugu na vicheko. Betri aligundua kwamba mwenye nusu ya kifutio alikuwa kiranja wetu wa darasa, akamwambia mbele ya wazazi wake, "Na ile nusu nyingine naidai." Shemasi alimwekea mkono msichana mmoja mwenye miwani, ambaye akaanza kulia kwa furaha na kuipangusa miwani kwa tai ya mtu. Mkono ukafuata bega, bega likafuata mkono, wakazunguka ukumbi, na wa mwisho akamfikia wa kwanza. Duara lilikuwa moja tu, zuri, halina pengo. Wazazi wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kinanda.

Makofi yalipungua. Mchungaji alihesabu vichwa kwa kidole, akaniona, akahesabu tena.

"Nani amemhudumia huyu?"

Wote walimgeukia Shemasi.

"Siyo mimi," alisema Shemasi. "Nimesema muhula mzima."

"Basi labda mwenziwe anaona haya," mchungaji alisema kwa upole. "Tuanzie upande wa pili. Kijana, wewe umemhudumia nani? Nenda ukamshike bega."

Sikuwa na pa kwenda. Nikainua mkono wa kulia, nikauweka kwenye bega langu la kushoto.

Ukumbi mzima ulicheka, na ulikuwa na haki, maana waliniona ni Babu anayefanya ya Babu. Hata mama alicheka, mkono mdomoni. Alicheka mpaka wenzake wakaacha, akasubiri niushushe mkono, na nilipokuwa sijaushusha akasimama na kifurushi chake, akaja mpaka mbele.

"Mwanangu, acha mzaha. Yuko wapi nimpe?"

"Hayupo, mama."

"Amekwenda wapi?"

"Ni mimi. Viatu ni mimi, kitanda ni mimi. Biskuti nilinunua kwa pesa uliyonipa ya sabuni. Mchungaji, niliokota jina langu nikalimeza."

Mtu mmoja alianza kucheka, akanyamazishwa. Nadhani ni Betri aliyemnyamazisha.

Mchungaji alikuja akainama mbele yangu. "Kwa nini hukunyoosha mkono? Ungeokota lingine tu."

Nilikuwa na majibu kama manne ya kuchekesha. Nayakumbuka mpaka sasa, na mawili ni mazuri kweli. Ila mama alikuwa amesimama pale ameshika shati la kunitosha mimi.

"Lingerudi ndani ya kopo," nikasema. "Mtu mwingine angeliokota. Mwaka jana aliliokota mwenzangu tuliyeingia naye shule siku moja. Nilikuwa nimekaa karibu naye, niliuona uso wake alipolifungua. Muhula mzima hakunifanyia kitu, nami sikumshtaki, nikasema labda anaandaa jambo kubwa. Siku ya duara alinishika bega kwa vidole viwili, kama anayeokota soksi isiyo yake. Nikaona mwaka huu nijishike mwenyewe. Angalau nipate mkono mzima."

 Mkono wangu ulikuwa bado uko begani. Nilikuwa nimesahau kuushusha.