Vyoo Viling'aa, Maji Yakaoza

Hapa kijijini naitwa Fundi Kinyesi. Jina limenikaa, sina kinyongo. Maji machafu ya kila nyumba yanakuja kwangu kwa mabomba, yanatulia kwenye tangi, halafu yanapita kwenye mabwawa mawili yaliyoota matete. Kazi yenyewe siifanyi mimi, inafanywa na vijidudu. Wao ndio wanaokula ule uchafu. Mimi nipo tu kuhakikisha hakuna anayewaudhi.

Na nilisema, jamani. Nilisema mkutanoni, nikasema kisimani, nikasema hata msibani mpaka nikavutwa shati: msimwage dawa kali chooni, mtaniulia vijidudu.

Basi Alhamisi alikuwa anakuja mkaguzi. Akiridhika na maji, yanafunguliwa yateremke bustanini. Bustani ya kwanza ni ya mama yangu. Magoti yake yamekwisha, lakini kila siku anamwagilia mboga kwa ndoo ya kichwani. Niliomba kazi hii ambayo kila mtu aliikimbia ili ile ndoo aitue.

Jumatano nikakuta tangi limechafuka, tope limeibuka juu, harufu ya kukutoa machozi. Nikajua kuna mkono wa mtu. Nikaenda kwa shemeji yangu, nikafungua choo: kinang'aa, na dawa inanichoma pua. Kwa mwalimu, vilevile. Kwa fundi cherehani, vilevile, tena ameweka na ua. Kila nilipouliza, naambiwa si kuna mgeni? Nikawaambia mgeni anakagua maji, hakagui vyoo. Wakasema wamepewa dawa tangu Jumapili na kuhimizwa wasugue. Na nani? Wakatazama chini kwanza, kisha wakamtaja.

Bi Ufagio, ndivyo kijiji kinavyomwita kwa kupenda usafi. Mama yangu mzazi.

Mkaguzi alikuja, akachota maji kwenye chupa, akaiinua juani, akatikisa kichwa. Hayafunguliwi, akasema, atarudi msimu ujao. Kisha akaomba kujisaidia, nikampeleka kwa mama kwa kuwa ndiko karibu. Akatoka anatabasamu, akasema hajawahi kuona kijiji chenye vyoo visafi namna hii. Mama akashukuru kwa niaba ya wote. Nilitamani ardhi inimeze, au immeze yeye kwanza.

Mgeni alipoondoka nikashindwa kujizuia.

"Mama, si nilisema?"

"Ulisema. Lakini mtu anakuja kukagua kazi ya mwanangu, akute choo kina doa? Uso wangu ningeuweka wapi?"

Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limeinunua kwa chupa. Nikamweleza upya, polepole, nikimwonyesha kwa kidole: tangi, mabwawa, bustani yake. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama mboga zake zilizolala kwa jua, na nikaona limemwingia.

"Kumbe nimejinyima mwenyewe," akasema. Akainama kuchukua ndoo.

Hasira zilikuwa bado zimenijaa, wallahi. Nikampokonya ile ndoo nikashika njia ya kisimani, nikinung'unika peke yangu kwamba mpaka msimu ujao mbeba maji ni mimi, na kwamba huyu mwanamke atanizeesha.

Sijafika mbali nikamsikia ananiita. Nikageuka, nikidhani anataka kuniomba radhi.

"Isuuze kwanza kabla hujachota."

Nikaisuuza.