Bomba Halipiti Hapa

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, shemeji yangu, mume wa marehemu dada, alibeba mgongoni bomba la kupulizia dawa ya wadudu akaelekea kwenye bilinganya za dada nyuma ya nyumba. Dada hakuwahi kuipulizia dawa bustani ile. Nilimpita mbio, nikasimama mwanzo wa tuta.

"Pisha, shemeji," akaniambia. "Majani yamejaa wadudu wekundu wenye madoa."

"Hao ni wadudu kibibi. Wanakula vidukari wanaonyonya mimea. Waache."

"Wewe na dadako ni kitu kimoja! Mdudu ni mdudu."

"Na mume ni mume? Mbona dada alichagua?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Tangu mazishi tulikuwa tunaona aibu kucheka.

"Haya, nioneshe. Kama ni walinzi, narudisha bomba. Kama ni walafi, unatoka hapo."

"Sawa."

Nilijiamini, maana dada alinifundisha. Usihesabu madoa, alikuwa akisema, madoa yanadanganya. Mwinamishe juani. Anayekula vidukari mgongo wake unang'aa kama sahani iliyooshwa. Anayekula majani amefifia, na ana vinyweleo laini kama mahameli kuukuu.

Nikamchukua wa kwanza niliyemwona, nikamwinamisha juani.

Hakung'aa.

Nikampuliza, nikijidai ni vumbi. Hakung'aa. Nikaligeuza jani alilokuwa juu yake: limekwanguliwa, imebaki mishipa mitupu kama wavu.

"Ni mlinzi au mlafi?"

"Huyu ni mlafi," nikasema.

"Basi toka."

"Sitoki."

"Si tumekubaliana?"

"Huyu mmoja nakupa." Nikamminya kwa kidole, nikahamia shina la pili. Pale alikuwapo mwingine, anang'aa hasa, anamtafuna kidukari aliye hai. "Na huyu je? Dawa yako itamuuliza anakula nini?"

Shemeji hakumtazama. Alitazama chini.

"Sina nguvu ya kuwainamisha mmoja mmoja," alisema. "Kila nikifungua dirisha naona alichokipanda kinaliwa. Nataka waishe. Wote."

Miguu yangu haikusogea.

"Basi anza na mimi."

Akashika mpini wa bomba. Akajaribu kupita kushoto, nikaziba. Kulia, nikaziba. Watu wazima wawili, tunakingamana kama kuku mlangoni.

"Dadako alikuwa mbishi," akasema akihema, "lakini wewe umezidi!"

"Dada alikuwa mpole. Niliyebaki ni mimi."

Akalitua bomba chini kwa kishindo, akaingia ndani bila kugeuka.

Nikachukua kopo la maji ya sabuni, nikapiga magoti. Waliofifia nikawatumbukiza. Waliong'aa nikawarudisha juu ya jani, kila mmoja mahali pake. Mgongo uliuma, machozi yalitiririka puani, sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nilipofika mwisho wa tuta la kwanza nilisikia dirisha likifunguliwa. Sikuinua kichwa. Nikaanza la pili.