Kaburi la Baba Mkubwa

Mvua ilinyesha Tukuyu tangu asubuhi, kama kawaida yake, na Hafidhi, fundi saa na vyerehani pale sokoni, alikuwa anakwangua rangi kwenye kichwa cha treni chenye urefu wa shubiri moja. Kilikuwa cha kuchezea, cha zamani, cha kuzungushwa kwa ufunguo. Wenye mashamba ya chai walipoondoka waliacha vichwa kama hivyo darini, na Hafidhi alipenda kuvifufua kuliko saa yoyote.

Hiki kilikuwa cha Bibi Esnath, aliyekaa kwenye stuli akisubiri. Baba yake alikituma kutoka migodi ya kusini kabla yeye hajazaliwa, kisha mwenyewe hakurudi.

"Kijani hiki si rangi yake, bibi. Chini ni nyeusi," alisema Hafidhi. "Na gurudumu hili la nyuma ni la treni nyingine. Mtu alilipachika tu."

"Ndiyo maana baba hafiki," alisema Bibi Esnath.

Hafidhi alipekua kopo lake la vyuma mpaka akapata gurudumu lenye spoki sawasawa na yale mengine. Mkono wa kuyaunganisha aliuchonga kutoka kwenye sindano nene ya cherehani. Akatia tone la mafuta, akazungusha ufunguo. Treni ikasogea mezani, ikasimama mbele ya Bibi Esnath, na baba yake akashuka. Alikuwa na urefu wa kidole, amevaa kofia ya mgodini, na alikuwa amekufa.

"Ndaga, asante, fundi," alisema. "Mwamba uliniangukia, nikapanda hii, ikakwama njiani. Sasa naomba nikazikwe Suma, shambani kwangu."

Kesho yake Bibi Esnath alimpeleka. Shamba lilikuwa mikononi mwa Nsajigwa, mtoto wa marehemu mdogo wa baba yake; miaka yote Nsajigwa alisema ni lake, maana baba yake Esnath hana kaburi pale. Nsajigwa alipiga magoti kwenye matope, akainamisha uso hadi usawa wa majani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Akachinja kuku. Baba mkubwa alikula punje mbili za wali, akashiba. Heshima haikupungua hata chembe, na hilo ndilo linaloudhi. Yalipofika mazungumzo ya kaburi, Nsajigwa alinawa mikono kwanza.

"Baba mkubwa akae kwangu mpaka achoke. Kaburi ndilo siwezi. Kaburi linasema shamba ni la nani."

"Shubiri moja tu, kaka," alisema Bibi Esnath.

Obed, mwenyekiti wa kitongoji, akaitwa. Alimpima mzee kwa macho, akasema kaburi ni kaburi, halina dogo wala kubwa, na ndugu wasipoelewana, aliye shambani abaki shambani. Akaondoka na nyama ya kuku iliyobaki, imefungwa kwenye jani.

Bibi Esnath alimbeba baba yake, akaondoka naye. Yeye amepanga chumba Kiwira, na chumba cha kupanga hakina pa kuzikia. Alimzika baba yake kwenye ndoo ya rangi aliyoijaza udongo, kibarazani. Hafidhi aliitoboa chini ili maji yasituame. Akihama, atahama na kaburi.

Msibani watu walijaa. Nsajigwa alilia kuliko wote, na alikuja na mkungu mkubwa wa ndizi begani, wa kutoka shamba lile. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Bibi Esnath aliupokea kwa mikono miwili, kama mfiwa anavyopaswa, akasema, "Asante sana, kaka."