Shangazi Hayumo Pichani

Kwenye kioo cha kompyuta, shangazi alikuwa ndani ya gauni jipya la zambarau, akihutubia. "Katika ukoo wetu," alisema, "kazi tumeinyonya pamoja na maziwa." Dairekta alimsimamisha hapo, mdomo wazi, akavuta pumzi, akamfuta.

Jina hilo la Dairekta alipewa na mtaa kwa kejeli, naye akalivaa, likamkaa. Alikuwa mpiga video wa harusi, na kazi ya harusi ina sheria moja: usimwache mtu. Mruke mjomba mmoja tu, utasimangwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo kamera yake ilizoea kuzunguka meza kwa meza, ikimpa kila mtu haki yake ya kuonekana.

Lakini haya yalikuwa mashindano ya ng'ambo, ya filamu fupi, na mshindi angekwenda huko kuisomea kazi hiyo. Alikuwa amempiga video baba yake, dobi, akinyoosha shati jeupe: anapuliza makaa ya pasi, ananyunyiza maji kwa vidole, anaigeuza kola kwa upole ambao wanawe hawakuuona mara nyingi. Baba hasemi neno. Kila alipoitazama, Dairekta alisisimka mwili; alijua, bila kumuuliza mtu, kwamba hii ni filamu. Na kila shangazi alipoanza kuhutubia, filamu iligeuka harusi.

Taabu ni kwamba kamera yenyewe ilinunuliwa na shangazi huyohuyo, na mtaa mzima ulishatangaziwa kwamba ataonekana ng'ambo. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Angeweza kuituma filamu kimyakimya, lakini uoga wa namna hiyo hakuzaliwa nao. Akamwita.

Shangazi alikaa, akatazama mpaka mwisho.

"Mimi simo."

"Humo, shangazi. Nimekutoa mwenyewe."

"Haya. Fadhila ya punda ni mateke."

"Nitukane, nitavumilia. Ila ukiwamo, watu watakutazama wewe. Nataka wamtazame baba."

Maneno yalimtoka bila kutetemeka. Shangazi akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Rudisha nyuma. Hapo."

Ukingoni mwa picha, mkono wenye bangili ya shaba uliingia na kitundikio cha nguo. Dobi, macho kwenye kola, alinyoosha wake akakipokea.

"Huo mkono wangu."

"Ni wako. Huo sikuutoa."

"Hata hakugeuka," shangazi alisema, sauti ikipungua. "Kaka yangu. Kanyoosha mkono tu, kajua nipo."

Akaitazama tena. Akapangusa macho kwa pindo la kanga, bila kujificha.

"Na gauni nimelishona bure."

"Utalivaa siku ya kunisindikiza uwanja wa ndege."

"Wamekuchagua lini, wewe?"

"Bado hawajaiona."

Shangazi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alisogeza kiti karibu na kompyuta, akakunja mkono wa blauzi, bangili ikalia.

"Kitufe cha kuituma kiko wapi?"

Dairekta alimwonyesha, kisha akarudi nyuma hatua moja, akaiwasha kamera.